Kipaza na Mpishi wa Kitabuni

Machi 6, Alhamisi

Mvua imeanza leo, na sisi tumeanza kitabu.

Bwana Mpimaji, mpima macho mwenye duka letu la miwani, alifunga mapema, akawasha taa ya mezani, akatoa kitabu chenyewe, kinene kama tofali. Kisha akachukua wembe akakipasua mbele ya macho yetu. Nesi alipiga ukelele kama aliyeona mtoto anaonewa. Mpimaji akasema tutulie: Bibi mwenyewe alikitoa kwa vipande, na wasomaji wake wa zamani walisubiri kila kipande roho juu. Nasi tutasubiri vivyo hivyo. Kila Alhamisi sehemu moja, kila mtu na nakala yake ya fotokopi, na zilizobaki zinakaa kwenye droo ya lenzi. Marufuku kutangulia. Sheria hiyo niliitoa mimi, na ufunguo wa droo nikapewa mimi, kwa kuwa ndimi fundi wa miwani na ndimi ninayefungua duka asubuhi.

Bibi ni jina tulilompa mwandishi. Alikufa zamani sana, katika nchi ya baridi na moshi, enzi za yule malkia aliyekalia kiti mpaka wajukuu wakazeeka. Kwetu ni kama jirani. Hiki ni kitabu chake cha nne tunachokisoma. Mpimaji humtetea kama mtu anayemtetea mama mkwe wake, Nesi humlilia, Mwalimu wa Hesabu hugombana naye pembeni mwa karatasi kwa kalamu nyekundu. Sentensi zake ni ndefu, unaingia asubuhi unatoka jioni. Tunasoma kwa kamusi, tunabishana kwa Kiswahili.

Tulikuwa wanne, tukatoshana. Leo tumekuwa watano. Wifi yangu, mke wa kaka, amejialika.

Yeye hutangaza mabasi stendi kuu. Sauti yake imezoea spika, hata akikuomba chumvi unajiona abiria aliyechelewa. Nesi akambatiza Kipaza kabla hata chai haijapoa, naye akacheka mpaka fremu zikatikisika ukutani. Sikucheka.

Machi 8

Mvua. Watu wanateleza, miwani inavunjika. Kazi nyingi.

Machi 13, Alhamisi

Sehemu ya kwanza. Nyumba kubwa ya tajiri wa viwanda vya nguo, binti yake, na wakili kijana asiye na kitu. Majina yao yanatugonga meno, kwa hiyo tumewapa yetu: Binti wa Kinu na Wakili Mdogo. Mwalimu alikuwa na hoja nzuri juu ya wasia wa tajiri. Ndipo Kipaza akauliza, "Na mpishi je?"

Mpishi gani? Tukapekua. Kweli yupo, ukurasa mmoja na nusu: mama mzee, masikio mazito, analala chini ya ngazi.

"Hana dirisha," akasema Kipaza. "Mmeona? Bibi ameandika kabisa. Anajua kumekucha kwa kusikia miguu ya watu juu ya kichwa chake, na masikio yenyewe mabovu."

"Huyo ni mtu wa kupita tu, dada," Nesi akamwambia.

"Kila mtu ni wa kupita. Mimi naona watu wa kupita kutwa nzima."

Mpimaji alifurahi. Mimi niliona jioni yetu imeharibika. Klabu nimeijenga miaka yote hii ili niwe na saa mbili kwa wiki ambazo hakuna anayepiga kelele.

Machi 14

Niseme ukweli humu, maana hamsomwi na mtu. Kabla kaka hajaoa alikuwa anakuja dukani kila mchana. Tunakula pamoja nyuma, kwenye benchi la mashine ya kusagia lenzi, yeye ananisimulia ya karakana yake na mimi namsimulia kitabu. Hakuwa msomaji, alipenda tu kusimuliwa. Alipooa, akakoma. Hakusema neno. Benchi likabaki na mimi. Sasa mwenye kumchukua kaka amekuja kuchukua na Alhamisi.

Machi 20, Alhamisi

Sehemu ya pili. Mpishi anamwambia mfanyakazi mwenzake kwamba duniani hana mtu, hana ndugu wala kaburi la ndugu. Kipaza aliusoma mstari huo kwa sauti, na kwa mara ya kwanza aliusoma polepole.

Machi 22

Hakuna la kuandika. Mvua, mvua, mvua.

Machi 27, Alhamisi

Sehemu ya tatu. Kijana wa nyumba ile, kaka wa Binti wa Kinu, anamwahidi mpishi chumba cha juu chenye dirisha "kabla ya majira kubadilika". Kipaza akaruka kama timu yake imefunga bao. Wapita njia wakasimama nje ya kioo kutazama. Mwalimu alitaka kurudi kwenye wasia, akashindwa.

"Atapewa," Kipaza akawa anasema. "Nawaambieni atapewa. Huyu Bibi si mtu wa kutaja dirisha bure."

"Bibi hataji kitu bure," Mpimaji akakubali, kama anayesifiwa mtoto.

Wakati wa kufunga Kipaza alibaki nyuma, akaniuliza kama nitakwenda kwao Jumapili. Nikasema nina kazi. Akasema, "Haya wifi," akachukua mwavuli wake.

Aprili 3, Alhamisi

Kabla wengine hawajafika Kipaza alinipa miwani yake, inamteleza puani. Nimeweka vishikio vipya vya pua, nikamvalisha, nikamsogelea kama ninavyomsogelea kila mteja kuona kama imekaa sawa. Nikaona macho yake. Sehemu nyeupe haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya manjano, kama karatasi ya zamani.

"Umekuwa ukijisikiaje?"

"Nimechoka tu. Na nguo zinanipwaya, nimependeza, au siyo?"

Miwani ilikuwa inateleza kwa sababu uso umekonda. Nimeshika nyuso za watu miaka mingi, ningejua mapema kama ningekuwa namwangalia.

Nikamwita Mpimaji. Akachukua tochi yake ndogo, akamwambia atazame juu, atazame chini. Hakufanya mzaha wowote. Akamwambia, "Mama, kesho usiende stendi. Nenda hospitali, na uende asubuhi."

Sehemu ya nne tulisoma, lakini simkumbuki hata mtu mmoja aliyekuwemo.

Aprili 5

Vipimo.

Aprili 9

Vipimo tena. Kaka amenipigia simu mara mbili leo. Mara zote mbili alikuwa na maneno machache, akabaki anapumua, nami nikabaki nasikiliza. Mvua ilikuwa inapiga bati lao, naisikia kwenye simu.

Aprili 10, Alhamisi

Kipaza hakuja. Tulikuwa wanne, kimya kilekile nilichokuwa nakililia. Tulimaliza mapema. Nesi akasema, "Hakuna aliyemtaja mpishi leo," na hapo nikagundua kwamba nilimtafuta nilipokuwa nasoma sehemu ya tano, na sikumwona.

Aprili 16

Ni saratani ya kongosho, na imefika kwenye ini. Daktari amewaambia hakuna cha kukata. Watampa dawa za maumivu na kumruhusu nyumbani.

Nilikwenda jioni. Kaka alifungua mlango ameshika ufagio. Alikuwa anafagia sebule iliyokwisha fagiliwa. Nikauchukua ufagio, akakaa kwenye ncha ya kochi kama mgeni.

Kipaza alikuwa kitandani, shuka mpaka kifuani, nakala za kitabu juu ya shuka. Alisema, "Wifi! Umekuja na sehemu ya sita?" Nilikuwa nayo. Niliibeba bila kufikiri, kama mtu anavyobeba mkate.

Aprili 17, Alhamisi

Leo hatukukifungua kitabu, kesi ilikuwa moja tu. Mpimaji ameweka sehemu zote zilizobaki juu ya meza. Amesema sheria ni sheria, lakini sheria ilitungwa kwa ajili ya watu wenye muda. Apelekewe zote, asome mpaka mwisho kabla... Hakumalizia. Nesi alikwisha anza kulia. Mwalimu akasema anaunga mkono. Wote wakanitazama mimi mwenye sheria. Nikasema apelekewe. Nani angesema vingine?

Aprili 18

Amezikataa.

Nilimwekea bahasha kifuani, akaipima uzito kwa mkono, akajua. Hakuifungua.

"Nani amewaambia mimi nina haraka?"

"Wifi, tumeona tu..."

"Nikizichukua zote leo, maana yake mmeniaga. Mimi niletee ya Alhamisi, Alhamisi. Nikiamka Ijumaa nijue kuna Alhamisi nyingine inakuja. Abiria huwezi kumwambia basi limefika wakati bado liko njiani."

Akanirudishia bahasha. Halafu akasema yule mpishi amepotea kurasa nyingi sasa, je, sisi huko dukani tumemwona?

Niliporudi nilitembea bila kufungua mwavuli. Sijui kwa nini. Nguo zimelowa mpaka ndani.

Aprili 20, Jumapili

Nilikwenda kula kwao. Kaka alipika, chumvi nyingi. Tulikula wote.

Aprili 24, Alhamisi

Sehemu ya saba. Wengine wamejadili dukani, mimi nimesoma na Kipaza kitandani. Hawezi tena kushika karatasi muda mrefu, namsomea. Kiingereza changu kinajikwaa, yeye ananirekebisha macho yakiwa yamefumba. Mpishi hayumo.

Aprili 27, Jumapili

Leo nilimwosha nywele. Kaka alishika beseni, tukamtoa akaenda kununua dawa.

Kipaza akasema, "Unajua kwa nini namtaka yule mama?" Nikasema sijui. Akasema alipokuwa na miaka kumi na minne aliwekwa nyumba ya watu, kazi za ndani. Alilala stoo, kati ya magunia na pasi mbovu. Stoo haikuwa na dirisha. Asubuhi alijua kumekucha kwa kusikia vyoo vinavutwa juu.

"Walikutesa?"

"Hapana. Ndiyo shida yenyewe. Walikuwa watu wazuri. Walinisahau tu. Siku moja walisafiri wiki nzima wakafunga nyumba, wakakumbuka kumpeleka paka kwa jirani."

Maji yalikuwa yanapoa. Nikaendelea kumimina kwa kikombe, kidogo kidogo.

"Nilipopata kazi stendi," akasema, "wakanipa chumba cha vioo pande zote. Watu wanasema nina kelele. Ni furaha tu, wifi."

Nikauliza, kaka anajua habari ya stoo? Akasema anajua. Halafu akaniuliza kwa nini sikuwa nakwenda Jumapili. Kila Jumapili aliniwekea sahani. Nikamwambia na mimi nilimwekea kaka nafasi kwenye benchi, hakuja.

"Nilimwambia aende! Nikamwambia mimi mchana niko stendi, nenda ukale na dada yako. Akasema wewe siku hizi unapenda kula peke yako ukisoma, hutaki kusumbuliwa."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema siku moja tu, akakariri. Huyo mwanaume ukimwambia jambo mara moja analishika kama msumari."

Nilikumbuka. Ilikuwa mchana mmoja, sura ilikuwa tamu, nikamwambia "ngoja kwanza". Miaka mitano. Nilicheka, na yeye akacheka, lakini kucheka kulimuuma, akanishika mkono mpaka maumivu yakapita.

Mei 1, Alhamisi

Sehemu ya nane. Hatukufika hata katikati. Alilala.

Mei 2

Sauti imekwenda. Siyo yote, imebaki ya kunong'ona. Mtu ambaye akipiga chafya stendi mabasi yanawashwa! Kaka anainamisha sikio mdomoni pake, na saa nyingine anabaki ameinama hata baada ya yeye kumaliza kusema.

Leo aliniashiria nisogee. "Sitafika mwisho, wifi. Tusidanganyane. Hao wapenzi watajijua wenyewe. Nenda kwenye droo. Mwangalie mpishi tu. Mengine usiniambie."

Mei 3

Mvua ya mchana ilifunga barabara, hakuna mteja aliyeingia. Mpimaji alikuwa nyumbani na mafua. Nikafungua droo.

Nilisoma nimesimama, kisha nimekaa kwenye kiti cha kupimia. Nilipita ndoa, kesi, moto wa kiwandani, kurasa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, nami nazipita kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Kila palipotajwa jikoni moyo uliruka. Kila palipotajwa ngazi nilisoma mara mbili. Kijana aliyeahidi dirisha ameoa, ameenda zake, hakukumbuka.

Nimempata kwenye sehemu ya kumi na nne. Nyumba inapigwa mnada. Bibi anaandika kwamba mvua ilinyesha tangu alfajiri, wanunuzi wakajaa ukumbini na viatu vya matope, "watumishi wakiwa wamekwisha ruhusiwa kwenda". Basi. Wote kwa pamoja, katika nusu ya sentensi. Hata neno mpishi halipo.

Nilisoma mpaka mwisho kuhakikisha. Nilimaliza kitabu cha Bibi na kwa mara ya kwanza nilitaka kumshika mabega.

Mei 4

Nilikwenda. Alikuwa amelala. Nikashukuru.

Mei 5

Nilikwenda. Kulikuwa na wageni wa kutoka stendi, makondakta wawili na mama wa tiketi. Sikukaa.

Mei 6

Njiani nilikwisha tunga. Chumba cha juu, dirisha linaloelekea mti, mpishi anaketi pale asubuhi na kikombe. Nilikitunga kwa Kiingereza cha Bibi kabisa, ili nikisema kifanane. Nikaingia, nikakaa, nikafungua mdomo.

Alikuwa ananitazama na yale macho ya manjano. Mwanamke aliyesahauliwa na watu wazuri.

"Hakupewa," nikasema.

"Alikufa?"

"Bibi hajasema. Nyumba imeuzwa. Watumishi wameondolewa."

"Alimtaja?"

"Hapana. 'Watumishi wakiwa wamekwisha ruhusiwa kwenda.' Ni hayo tu."

Nikajuta, nikatamani niyameze. Kisha akanong'ona, "Nusu sentensi?"

"Nusu sentensi."

"Amemsahau." Nikaona hasira inampanda usoni, na hasira ile ilimpa rangi ambayo sijaiona wiki tatu. "Waite. Waite wote. Alhamisi waje hapa. Nataka Mpimaji anijibu."

Mei 8, Alhamisi

Walikuja na mvua yao, miavuli minne mlangoni, viatu vimepangwa. Chumba ni kidogo. Mwalimu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kaka alisimama mlangoni na taulo begani. Niliwasomea mstari ule, kila mtu akausikia, na kwa hiyo sheria yangu imekufa rasmi.

Mpimaji alianza kumtetea Bibi, kama nilivyojua. Bibi alikuwa na watu wengi sana kitabuni. Aliandika kwa haraka, wachapishaji wanamkalia kooni, afya yenyewe mbovu.

Kipaza akanong'ona, na mimi nikawa namrudia kwa sauti, kipaza cha Kipaza. "Anasema: mimi stendi nilikuwa na mabasi mengi. Na mvua, na mafua. Sikuacha basi hata moja bila kulitangaza."

Mpimaji akainamisha kichwa.

Nesi akasema yeye anaamini mpishi alikwenda kwa dada yake. Kipaza akatikisa kidole. Sehemu ya pili! Hana ndugu! Nesi akaomba radhi kama amekosea dozi. Mwalimu akasema labda Binti wa Kinu alimchukua kwenye nyumba yake mpya, ni jambo la mantiki. Kipaza akamtazama mpaka Mwalimu mwenyewe akasema, "Hapana. Binti wa Kinu hata jina lake hakulijua." Tulibishana kuliko siku yoyote ya klabu hii. Kama alikwenda kupika kwenye meli, au hospitali, au kama alikufa chini ya ngazi kabla ya mnada na hakuna aliyefungua mlango. Hilo la mwisho alilisema Nesi kwa sauti ndogo, na Kipaza hakulikataa haraka.

Tulipomgeukia Mpimaji akasema, "Mimi sijui, mama. Nimemsoma Bibi maisha yangu yote. Sijui huyu mtu alikwenda wapi, na alipaswa kutuambia."

Kipaza akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Ndipo kaka, ambaye hajawahi kusoma hata tangazo la klabu hii, akauliza kutoka mlangoni, "Si mmesema siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha?"

"Tangu alfajiri," nikasema.

"Sasa alitoka amejifunika nini?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba alitoka kwa miguu yake, siku fulani, kupitia mlango fulani, na kwamba angelowa.

Kipaza alifumbua macho, akamtazama mume wake. Aliniashiria nisogee nirudie maneno yake, kisha akabadili nia, akamwita yeye. Kaka akainama. Alichomwambia sikukisikia. Tuliokota miavuli yetu mmoja mmoja.

Mei 10

Hali mbaya.

Mei 12

Hamjui mtu. Ananiita mama wa tiketi. Naitikia.

Mei 14

Wifi yangu ametutoka leo saa nne asubuhi.

Mei 16

Tumemzika. Udongo ulikuwa mzito kwa maji, makoleo yakawa yanang'ang'aniwa. Stendi walituma basi zima la watu. Dereva alipozima injini kimya kikawa kikubwa, nadhani kila mtu alikuwa anangoja atangazwe.

Kaka hakulia. Alisimama wima, mvua inamshukia, mpaka nikamfunika na mwavuli wangu. Alinitazama kama aliyeamshwa. "Wewe utalowa," akasema. Nikamwambia unatutosha wote wawili. Haukututosha.

Mei 22, Alhamisi

Hatukukutana.

Mei 23

Nilipeleka chakula kwa kaka. Nguo za Kipaza za stendi bado ziko kwenye kamba, zimenyeshewa na kukauka na kunyeshewa tena. Nilitaka kuzianua. Akasema, "Ziache." Nikaziacha.

Mei 29, Alhamisi

Tulikutana, wanne. Nilisema naomba turudie sheria, sehemu moja kila wiki, na mimi niliyetangulia nitanyamaza. Tulikuwa tumeanza ya tisa mlango ulipofunguka, kaka akaingia na nguo za karakana, grisi mpaka viwiko. Nilidhani ana shida. Akauliza kama panakaliwa na mtu kwenye kile kiti. Nesi akasema hapana. Akakaa.

Wakati wa kufunga Mwalimu akamuuliza kwa adabu kama ameelewa. Kaka akasema, "Hata kidogo."

Mei 30

Amekuja dukani mchana na chakula chake kwenye kopo. Tulikula kwenye benchi. Nilimsimulia sehemu nane alizozikosa, na nilipofika kwa mpishi nilimsimulia bila haraka.

Juni 5, Alhamisi

Mvua zinapungua. Tumeamua kusoma mbili mbili. Kaka yupo.

Juni 9

Leo stendi nimesikia mtangazaji mpya. Binti, sauti nzuri, anataja kila basi vizuri kabisa. Nilimaliza shughuli zangu haraka nikaondoka.

Juni 12, Alhamisi

Kaka amechelewa, na kila mtu alikuwa anatazama mlango. Nilipoona wanatazama nilielewa kwamba siko peke yangu.

Juni 19, Alhamisi

Tumemaliza. Jioni ilikuwa kavu, tumefungua mlango wa duka hewa ipite.

Tulipofika kwenye mnada zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Nilisoma mvua, nikasoma viatu vya matope, nikafika kwenye ile nusu ya sentensi. Sikuweza. Mpimaji akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaisoma yeye, kisha akasimama hapo. Tulikaa kimya mahali ambapo Bibi hakukaa. Kisha akaendelea mpaka mwisho, harusi na yote. Ni mwisho mzuri. Nesi alilia panapostahili. Mwalimu amekubali kwamba ule wasia ulikuwa sawa tangu mwanzo. Bado nampenda Bibi, na bado sijamsamehe, na nadhani nitaendelea kumsoma hivyohivyo.

Mpimaji akasema mwaka huu umetuchosha. Akapendekeza tupumzike mpaka mvua nyingine, tuanze kitabu kipya kwa akili mpya. Nesi akaunga mkono, Mwalimu akaunga mkono. Nikaanza kukusanya vikombe.

Kaka alikuwa bado amekaa. Alikuwa anazipanga nakala zake, anazigonga mezani zilingane pembe, anazipanga tena. Wengine walipokuwa wanavaa viatu akaniambia, polepole, ili wasisikie, "Mdogo wangu. Msipumzike."

Nilitazama mikono yake. Grisi ilikuwa imeacha alama kwenye ukurasa wa juu.

"Ile nyumba yangu jioni," akasema, akazigonga nakala mezani tena.

Niliviweka vikombe chini. Nikawafuata wenzangu mlangoni, nikawaambia tunaanza kingine Alhamisi ijayo.

Mpimaji alirudi ndani, akavua kofia, akaenda kwenye rafu kutafuta kitabu, na kaka akainuka kumshikia taa.